Mgeni wa Siku ya Umuganda

Kila asubuhi, kabla hajaonja hata chai yake mwenyewe, Mukarugwiza huonja uji wa wagonjwa. Hudondosha tone mgongoni mwa kiganja, akalilamba, akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akaumimina uji wote kwenye chupa kubwa nyekundu. Akishakaza kifuniko, huipindua chupa juu ya karai na kuitazama. Isipovuja husema, “Haya.” Binti yake, Pretty, humwigiza kutoka kitandani, “Haya,” kisha hurudi kulala.

Uji huo hauuzwi. Katika hospitali ya Kibagabaga mgonjwa huletewa chakula na watu wake, na asiye na watu hula kile atakachogawiwa na jirani wa kitanda. Mukarugwiza huwabebea uji hao wasio na watu. Alianza zamani, alipokuwa amepanga chumba karibu na hospitali. Siku hizi amehamia Busanza, kwenye nyumba za ghorofa upande wa pili kabisa wa jiji, lakini hakuacha. Watu wa kanisani kwake humwambia kwamba hata Busanza kuna wagonjwa. Naye hujibu kwamba wale wa Kibagabaga wameshauzoea uji wake.

Wanaomjua zaidi wanajua kwamba kuna sababu nyingine. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na aliingia Kigali akiwa msichana mkubwa asiyejua Kinyarwanda cha kununulia chumvi. Miezi ya kwanza alikaa Nyamirambo, kwa kuwa huko mtu aliweza kuomba mkate kwa Kiswahili akapewa bila kuchekwa. Akitoka nje ya Nyamirambo alikuwa akipotea. Vilima vyote vilifanana machoni pake. Alikuwa akipanda kimoja akidhani anarudi nyumbani, kumbe anazidi kwenda mbali. Tangu wakati huo hawezi kumwona mgeni amesimama njia panda akigeuza shingo huku na huku, halafu ampite.

Ni katika safari hizo za uji Mukarugwiza alipomkuta Kenneth. Alikuwa dereva wa lori kutoka Kayanga, kulekule Karagwe, aliyefika Kigali na mzigo wa saruji na homa kali ya mapafu. Mara ya kwanza Mukarugwiza alipomsalimia kwa Kinyambo, lugha ya huko, mwanamume yule mzima aligeukia ukutani akalia. Baadaye alimpa namba ya dada yake, Aneth, mwalimu wa shule ya msingi, na wanawake hao wawili wakawa wanazungumza kwa simu kila jioni. Shule zilipofunga, Aneth akapanda basi. Alikuwa hajawahi kufika Kigali.

“Utanitambuaje, mama?” alikuwa ameuliza.

“Nitakutambua kwa kugeuza shingo,” Mukarugwiza akamjibu.

Basi lilitarajiwa Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, asubuhi ya Jumamosi. Na alfajiri ya Jumamosi hiyo, uji ukiwa bado jikoni, simu ikaita. Alikuwa Raïssa, muuguzi wa zamu.

“Mama,” akasema polepole kwa Kinyarwanda, “Kenneth yitabye Imana.”

Kenneth ameitikia wito wa Mungu. Mukarugwiza akazima jiko. Alikaa kwenye kigoda mpaka Pretty akatoka chumbani kuuliza mbona leo hajasikia “Haya.”

Mtu wa kwanza ambaye Mukarugwiza alimpigia simu alikuwa Karangwa, mzee wa kanisa, aliyekulia Uganda na ambaye Kiswahili chake hakijawahi kuuficha ukweli huo.

“Dada, wewe usimwambie kwa barabara,” Karangwa akasema. “Mtoto wa watu ataanguka katikati ya Nyabugogo, utafanya nini? Mlete kwako. Aoge, akule. Mimi nakuja na wamama wa kanisa, tunakaa, tunamwambia tukiwa watu.”

“Na akiuliza?”

“Akiuliza sema amezidiwa. Si uongo. Mtu anakufa alizidiwa.”

Hivyo ndivyo ifanywavyo, na Mukarugwiza hakuwa na ubishi. Habari ya msiba haitolewi njiani. Hata yeye alifanyiwa hivyo. Mama yake alipofariki Karagwe, binamu yake alikuja kumchukua Kigali akimwambia kwamba mama anaumwa kidogo, na njia nzima akamsimulia vituko vya jirani aliyeoa mke wa pili. Mukarugwiza alicheka mpaka abiria wakageuka. Walipofika nyumbani akaviona viti vya kanisa vimepangwa uani. Aliyemwambia kwamba mama yake amekufa ni vile viti. Mpaka leo hajaamua kama binamu yule alimtendea wema au la. Alimpa siku moja zaidi ya kuwa na mama, hilo ni kweli. Lakini kile kicheko hajakisahau.

Akamwachia Pretty kazi ya kumenya ndizi, akatoka.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha raha. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, siku ya umuganda, ambapo asubuhi nzima mji husimama na kila mtaa hutoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Maduka hufungwa, magari hayatembei. Kama basi lingewahi, wangefika Busanza kabla barabara hazijafungwa. Ila basi lilichelewa mpakani Rusumo, na lilipoingia Nyabugogo kituo kilikuwa tayari kinapungua watu kama soko wakati wa mvua.

Aneth alishuka akigeuza shingo. Alikuwa mwembamba, mrefu, na amekumbatia mfuko wa kaki kifuani.

“Mama!” Akamkumbatia bila kuuachia mfuko. “Hawa watu wenu wa mpakani! Mfuko wangu wa plastiki wameuchukua, wakaniambia nchi hii hauingii. Nikasema sawa, chukueni mfuko, lakini senene wangu wanaingia. Mmoja akanisaidia kuwahamishia humu. Nadhani alikula wawili.”

Alikuwa akicheka. Senene walikuwa wa Kenneth, wamekaangwa kwa kitunguu, na harufu yao ilipita kwenye karatasi. Mukarugwiza akacheka pia, kicheko kifupi.

“Karibu, mwanangu. Twende upesi, leo umuganda.”

Akaita pikipiki mbili. Kwa kawaida angepanda basi la mjini, lakini kwenye basi watu hukaa bega kwa bega na kuzungumza. Pikipiki hubeba abiria mmoja, na aliyevaa kofia ngumu kichwani hasikii wala hasemi. Alijua kwamba anajificha. Alimvalisha Aneth kofia, akamkazia mkanda chini ya kidevu kama anavyokazia kifuniko cha chupa.

“Nanusa jasho la watu wote wa Kigali humu ndani,” sauti ya Aneth ikatoka ndani ya kofia. “Twende Kibagabaga moja kwa moja, mama. Nitaoga kwa kaka.”

“Tunapita nyumbani kwanza. Leo hospitali hawaruhusu wageni mapema.”

Hilo lilikuwa uongo, tena hata halikuwa lile aliloruhusiwa na Karangwa. Aneth akaukumbatia tena mfuko wake. Akapanda.

Njiani Mukarugwiza aliutazama mgongo wa Aneth. Pikipiki ya Aneth ilikuwa mbele, ikipanda na kuteremka, na kila walipofika juu ya kilima mgeni aligeuza kofia kulia na kushoto kuangalia mabonde yaliyojaa mabati na miti. Alikuwa hajauliza hali ya Kenneth. Jambo hilo Mukarugwiza alilitambua hapo. Kila jioni kwenye simu swali la kwanza lilikuwa “Kaka ameamkaje?” Leo amesema habari za mpakani, za senene, za jasho. Hilo hakuligusa.

Walifika Gikondo. Mbele kulikuwa na watu wamejipanga kando ya barabara na majembe, na kijana mwenye fulana ya kijani akainua mkono. Pikipiki zikasimama. Mmoja wa madereva akatikisa kichwa. “Imekwisha, mama. Mpaka umuganda uishe.” Akaegesha, akavua koti, akapokea chepe kana kwamba limekuwa likimngoja yeye.

Kazi ilikuwa kuzibua mfereji uliojaa tope la mvua za wiki hiyo. Kikongwe mmoja mfupi, Nyirahabimana, alimtazama Aneth kutoka miguuni mpaka kwenye kofia ambayo alikuwa hajaivua.

“Huyu naye iko polisi?” akawauliza wenzake, wakaangua kicheko. “Vua hiyo kitu, mwanangu. Tope haipigi mutu kichwa.”

“Ni mgeni, bibi,” Mukarugwiza akasema. “Ametoka Tanzania leo hii.”

“Mutanzania! Basi anajua kurima. Mupe jembe. Si ile mbovu, mupe yangu.”

Mukarugwiza alitaka kukataa kwa niaba yake, lakini Aneth alikwisha kuweka mfuko wake juu ya ukuta mdogo, mahali pasipo na maji, akakunja sketi na kupokea jembe. Alilima vizuri. Alilima kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka, akichota tope na kulitupa ukingoni, na wanawake wakamwachia nafasi.

“Angalia huyu,” Nyirahabimana akasema. “Na wewe uliyemureta umesimama kama mukuu wa mukoa.”

Mukarugwiza akachukua chepe. Kwa muda yeye na Aneth walifanya kazi ubavu kwa ubavu. Simu yake ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Karangwa: *Tumeshafika. Uko wapi? Viti tayari.* Aliyasoma maneno yale mawili ya mwisho, akairudisha simu mfukoni akiwa na tope vidoleni.

“Bibi,” Aneth akamwambia Nyirahabimana, bila kuinua kichwa, “kaka yangu akiniona hivi atacheka. Mimi nyumbani sishiki jembe. Yeye ndiye alikuwa akinilimia, hata zamu yangu ya bustani shuleni. Mwalimu alijua lakini alinyamaza, maana Kenneth alikuwa analima mistari iliyonyooka.”

“Hiyo ni kaka,” bibi akasema. “Iko hapa Kigali?”

“Amelazwa Kibagabaga. Ndiko naenda.”

Chepe la Mukarugwiza likagonga jiwe. Nyirahabimana naye akasimama, mkono kiunoni, uso umebadilika.

“Mugonjwa? Unaenda kuona mugonjwa na unarima hapa? Rwema! We Rwema, kuja.”

Kijana mwenye fulana ya kijani akaja. Rwema ndiye aliyekuwa mkuu wa mtaa ule mdogo, kijana mwenye sauti ya upole na viatu vya mvua vilivyomzidi ukubwa. Bibi alimweleza kwa Kinyarwanda, kwa kasi, akimwonyesha Aneth kwa kidole chenye tope. Rwema akajipiga kifuani taratibu, kuomba radhi.

“Mungesema mapema, dada,” akamwambia Aneth kwa Kiswahili cha shuleni. “Mwenye mgonjwa tunamruhusu. Hata polisi wa pale juu watawaruhusu, nitawapigia. Hawa madereva wawapeleke hadi mlangoni Kibagabaga. Hakuna shida kabisa.”

Dereva wa Aneth alikwisha kuanza kusugua mikono kwenye nyasi. Mwanamke mmoja akaleta maji kwenye kopo, akammiminia Aneth viganjani, akimwambia pole, pole sana, Mungu atamponya. Aneth akanawa harakaharaka, akautwaa mfuko wake ukutani. Uso wake ulikuwa wazi, umechangamka kwa mara ya kwanza kwa namna ambayo haikuwa ya kujilazimisha. Pikipiki ikawashwa. Watu wote wakamgeukia Mukarugwiza, maana yeye ndiye mwenyeji.

Aliwaza mlango wa wodi. Aliwaza kitanda kilichokwisha kutandikwa shuka safi, Raïssa akitafuta maneno, na Aneth amesimama na mfuko wa senene mkononi. Kisha akawaza Busanza, mlango wa nyumba yake mwenyewe, viti.

“Hapana,” akasema. “Tutangoja umuganda uishe.”

Rwema hakuelewa. “Lakini mama, ni ruhusa. Mgonjwa—”

“Asante, mwanangu. Tutangoja.”

Nyirahabimana ndiye aliyeelewa kwanza. Alimtazama Mukarugwiza, akamtazama mgeni, kisha polepole akakivua kitambaa chake cha kichwani na kukishika kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kulima. Dereva akazima pikipiki. Mbele kidogo, wasiojua kitu, watu waliendelea kuimba na kupiga majembe.

Aneth alibaki na mfuko wake. Maji yalikuwa yakimdondoka vidoleni na kulowesha karatasi. Hakulia, wala hakuwatazama wanawake. Alimsogelea Mukarugwiza mpaka wakawa wamesimama karibu kama watu wanaotaka kusalimiana.

“Mama,” akasema. “Kenneth yu hai?”

Mukarugwiza akaweka chepe chini.

“Hapana, mwanangu. Amefariki alfajiri, mkiwa bado Rusumo.”