Fimbo za Kuvulia za Kambi Muru

Juzi nilipita soko la mitumba hapa Kawangware kutafuta sweta ya mtoto, na muuzaji mmoja akanyanyua fimbo ndefu ili ateremshe koti lililoning'inia juu kabisa. Nilisimama hapo hapo nikisukumwa na watu. Ilikuwa fimbo ya kuvulia samaki, ncha imevunjika, na mahali pa ncha amefunga waya wa kutundikia nguo. Pete za kupitishia uzi zilikuwa zimeng'oka karibu zote, ila zile zilizobaki zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa kijani unaoishia na mistari myembamba ya rangi ya damu ya mzee. Mistari ile ningeitambua hata kwa kupapasa.

Nikamwomba aniuzie. "Hiyo siuzi, sister," akasema. "Hiyo ndio mkono yangu." Akacheka, nami nikanunua sweta nikaenda zangu. Lakini tangu siku ile sijatulia, na kwa vile wewe huniachi niongee peke yangu, acha nikusimulie.

Tulikaa Kambi Muru, Kibera, chumba kimoja cha udongo na mabati, chini kabisa ya tuta la reli. Baba alikuwa fundi wa fimbo za kuvulia. Najua unacheka. Kibera na uvuvi wapi na wapi? Mtaani kulikuwa na mafundi wa viatu, wa redio, wa makochi, lakini fundi wa fimbo alikuwa yeye peke yake, na majirani hawakuchoka kutuuliza kama leo tumevua nini. Alikuwa ametoka kwao kando ya ziwa akiwa kijana, akapata kibarua cha kufagia katika duka la vifaa vya uvuvi huko mjini, na kwa kuangalia angalia akaijua kazi. Duka lilipofungwa, wateja walimfuata. Magari yao hayangeweza kuingia kwetu, kwa hiyo walisimama kwenye kituo cha Olympic, nasi watoto tukawapelekea fimbo begani, tukitembea kwa maringo tusiyostahili.

Fimbo zilikuwa za aina mbili. Ya maji baridi, ya mtu anayekwenda kwenye mito ya milimani au mabwawa, ilikuwa nyembamba na nyepesi, pete ndogo, uzi safu moja. Ya bahari ilikuwa nene kama mpini wa ufagio, na kila pete ilifungwa safu mbili za uzi, kisha vanishi juu ya vanishi, kwa sababu chumvi ikipata upenyo chini ya uzi inakula chuma polepole hadi pete ing'oke samaki akiwa ameshanasa. Maji baridi yanasamehe, baba alikuwa akisema, ya chumvi hayasamehi. Alisema hivyo karibu kila wiki, nasi tukamwigiza akiwa hayupo.

Alikaa kwenye stuli karibu na mlango, penye mwanga. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akimtazama, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Magoti yao yalikaribia kugusana. Uzi ulitoka kwenye kikombe, ukapita katikati ya kurasa za kitabu kikuukuu cha namba za simu kilichowekewa jiwe juu ili ukazike, ndipo ukafika kwenye fimbo. Baba aliizungusha fimbo kwa mkono wa kulia, na kwa ukucha wa gumba la kushoto akausukuma kila mzunguko uegemee mwenzake, hadi usione nafasi hata ya unywele. Mama alichambua maharagwe, akamwambia habari za wapangaji wa ploti yetu, akamcheka alipokosea, akamnyooshea wembe kabla hajauomba.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuzungusha. Vanishi mbichi ukiiacha itulie inashuka upande mmoja na kuning'inia kama kamasi, kwa hiyo mmoja wetu aliketi na fimbo mapajani akiizungusha taratibu hadi ikauke. Treni ikikaribia, mama alirusha leso juu ya fimbo upesi, maana nyumba nzima ilitetemeka na vumbi likamwagika kutoka darini. Harufu ya vanishi, omena za jirani zikikaangwa, moshi wa jiko la makaa. Nilidhani nyumba zote duniani zinanuka hivyo.

Kisha baba akaugua. Aliamka asubuhi moja mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto hausikii. Baada ya miezi kadhaa alirudi kusimama, akatembea kwa mkongojo, maneno yakarudi ingawa yalikuwa mazito. Gumba la kushoto halikurudi. Hata hivyo alirudi kwenye stuli kabla mtu yeyote hajamwambia arudi, akafunga pete, na nyuzi zikaachana, weupe wa ufito wa fimbo ukaonekana katikati. Sote tuliona.

Fimbo ya kwanza aliyoifunga hivyo ilikuwa ya bahari, nayo ilirudi. Mteja alimwita mama Olympic, kwa kuwa baba hakuwa na miguu ya kufika huko, akamwonyesha pete ilivyong'oka huko Pwani kabla hata samaki hajagusa. Aliongea kwa upole mno, na mama alisema ni ule upole uliomtia hofu. Mtu anayefoka bado anakutaka. Huyu alikuwa anaaga.

Ungemwona baba ungeelewa hofu ya mama. Nilikuwa darasa la sita tu, lakini hata mimi niliona kwamba akilala kitandani alikuwa mgonjwa, na akiketi kwenye stuli na fimbo mapajani alikuwa baba. Hilo ndilo mama aliloapa halitapotea.

Kliniki walikuwa wamemwambia atembee kila siku. Basi baada ya chakula cha mchana alichukua mkongojo wake na kutuaga kwamba anapanda relini kutembea. Akishakata kona, mama alichukua wembe, akakata uzi wote ambao baba aliufunga asubuhi, akaanza upya. Mimi nilishika kitabu cha simu. Alikuwa amejifunza kazi kwa macho, miaka yote ile akiwa amekaa mbele yake, kwa hiyo kila kitu kwake kilikuwa kinyume, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Uzi wa baba ulipanda kutoka upande huu, wake ulipanda kutoka upande ule. Hata ile fimbo ya mtumba juzi, niliangalia, ilikuwa ya mama.

"Lakini baba huanzia upande ule mwingine," nilimwambia siku moja.

"Wacha maneno. Shika kitabu."

Baba akirudi aliichukua fimbo, akapitisha gumba la kulia juu ya pete zote, moja baada ya nyingine, akasema, "Imekaa sawa," na kuomba vanishi. Mama aligeukia jiko akitabasamu. Vidole vyake vilikuwa vimechanwachanwa na uzi, na akiulizwa alisema ni sabuni ya kufulia. Wateja wakabaki, na hata yule wa Pwani akarudi. Kitu kingine kilichotufurahisha ni kwamba matembezi ya baba yalizidi kuwa marefu. Mwanzoni alikawia kidogo tu, baadaye alasiri nzima, na mama akawatangazia majirani kuwa mguu unapona.

Mvua za masika zilinikuta nyumbani siku moja, mama akiwa katikati ya fimbo kubwa ya bahari. Ilishuka kwa fujo, mtaro ukafurika, mabati yakapiga kelele hadi tukawa tunaongea kwa ishara. Mama akanipa mwavuli, akaniambia nikimbie relini nimlete baba polepole asiteleze.

Sikufika relini. Nilikata kona tu nikamkuta, nyuma ya nyumba yetu wenyewe, ameketi kwenye kreti ya soda chini ya kibaraza cha jirani aliyeuza mandazi. Suruali imelowa hadi magotini.

"Huyu hukaa hapa kila siku," jirani alisema bila kuinua macho kwenye karai. "Hiyo mguu itapanda tuta wapi?"

"Baba, twende. Unanyeshewa."

Hakuinuka. Alinitazama, ule upande mmoja wa uso wake ukijaribu kutabasamu, akaniuliza, "Amefika pete ya ngapi?"

"Ya nne."

"Bado, basi. Wacha amalize, mama."

Alikuwa akiniita mama, kama watu wa kwao wanavyowaita binti zao. Nilikaa naye. Jirani alitupa andazi moja tukagawana, na maji yakapita katikati ya miguu yetu yakibeba maganda ya viazi. Hakunikataza kusema nyumbani, wala mimi sikusema. Mwaka uliofuata tulimzika kwao.

Pale tulipokaa sasa pamepita barabara, na bwawa la pembeni mwa mtaa, ambako baba alijaribia fimbo zake, limejaa magugu, ukirusha ndoano leo utavua kiatu. Wanaovua huagiza fimbo kwa simu, zinaletwa hadi mlangoni, na sijui kama kuna mtu aliyebaki Nairobi anayejua kuzungusha vanishi mbichi.

Wewe utasema hayo ndiyo mapenzi. Huenda. Mimi yananikasirisha, nikuambie kweli. Watu wale walikaa miaka wakitazamana, wakichekana, goti kwa goti. Halafu alasiri zao za mwisho, ambazo hazikuwa nyingi, mmoja akazimalizia ndani akijikata vidole na mwingine nje kwenye kreti, ukuta wa udongo katikati, kila mmoja akimtunzia mwenzake heshima. Mtu aliyefunga pete maisha yake yote angekosaje kujua uzi usio wake? Mmoja angefungua mdomo, wangekaa pamoja. Hakuna aliyefungua, na mimi niliyejua ya pande zote mbili nilikuwa mtoto.

Mama nakaa naye hapa Kabiro, huku huku Kawangware. Vidole vimepinda, uzi hauoni tena. Huwa hasemi mengi kuhusu Kambi Muru, lakini Jumapili iliyopita, tukimenya njegere, alisema tena kile anachokisema kila mara.

"Kuna kitu moja nashukuru Mungu. Mzee hakuwahi jua."

"Hakujua, mama," nikamwambia, na akaendelea kumenya, ameridhika kabisa.