Mkono wa Kushoto wa Mama

Mama alipopooza mkono wa kulia, mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, na sisi tulikuwa bado tunaamini kwamba daktari mzungu anajua kila kitu. Alimgonga mama goti kwa nyundo ndogo. Mguu ukaruka, ukampiga daktari tumboni. Mama hakuomba radhi. Nilifurahi sana.

Daktari akamweleza baba, kana kwamba mama ni kiti, kuwa mkono wenyewe ulikuwa mzima. Kilichoumia ni ubongo, upande wa kushoto, ambako ndiko zinakotoka amri za mkono wa kulia. Huenda ubongo ungetafuta njia nyingine ya kupitisha amri hizo, lakini lazima mkono utumikishwe. Tukarudi kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi, na hakuna aliyeutumikisha. Mama akazoea kufanya kila kitu kwa kushoto.

Ndipo shangazi, dada yake baba, akafika kutoka Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa, na mfuko wa samaki wakavu na adabu zake zote. Alimkuta mama, bulamu wake, yaani wifi yake, akimpakulia mgeni bukari, ule ugali wetu, kwa mkono wa kushoto. Kwetu sisi, afadhali umtukanie mgeni mama yake.

"Eh, bulamu! Unataka kutuharibishia jina? Hii mukono tutaifunga."

Kweli akaufunga kiunoni kwa kipande cha kikwembe, yaani kitenge, tangu asubuhi hadi jioni. Na kila jioni alimsifia baba binti mmoja wa Kilwa, mwenye mikono miwili mizima. Mama alisikia yote.

"Bulamu, nifungule, mugongo iko naniwasha!"

"Jikune na ile ingine."

Mkono huo mwingine ulikuwa unaning'inia tu. Nililia kwa hasira. Mama hakulia, aliukodolea macho mkono ule kama anayemkodolea mtoto mkaidi, akiutukana kwa maneno ambayo padri hakumfundisha. Kijiko kilianguka, kikaanguka tena, hatimaye kikakaa. Siku moja alibana sufuria kwa miguu, akashika mwiko, akasonga. Bukari ilijaa madonge. Baba alikula yote, akaomba nyingine, na habari za binti wa Kilwa zikaishia hapo.

Shangazi aliitangazia kambi nzima kwamba yeye ndiye aliyemponya. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba alisema kweli.

Siku ya kuondoka kwake, mama alimfungia mzigo mwenyewe, akakaza fundo kwa mikono yote miwili, vidole vya kulia vikitetemeka. Kisha, mbele ya majirani wote, akamkabidhi mzigo ule kwa mkono wa kushoto.

"Safari muzuri, bulamu."