Nusu ya Biskuti ya Mama

Mama alikuwa na kanuni moja ya biskuti ambayo hakuiacha hata alipokuwa hawezi tena kusimama peke yake: ya kwanza lazima aimege yeye. Aliichukua sahanini mgeni akimtazama, akaivunja katikati, nusu akaitia kinywani mwake na nusu akamkabidhi mgeni. Baada ya hapo ndipo sahani ilipozunguka.

Hayakuwa madaha. Mama alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, akaolewa na Mjaluo wa Kosele, na wanawake wa boma la baba walimpokea kwa jicho la pembeni. Mwaka wake wa kwanza, chochote alichopika kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Walikuwa wameshiba, wote, kila siku. Basi siku moja akaoka biskuti laini alizojifunza alipokuwa msichana wa kazi jikoni kwa masista, huko Asumbi, zile zenye sukari nyeupe juu iliyokorogwa na maji ya ndimu. Akazipeleka mbele yao, akavunja ya kwanza, akala wakimwona, akampa mama mkwe wake nusu iliyobaki. Nyanya yangu akala. Kuanzia siku hiyo mama akawa mtu wa boma lile. Alitusimulia kisa hicho mara nyingi mno, mpaka mimi na wadogo zangu tukawa tunammalizia.

Baba alikuwa fundi wa cherehani mjini Migori, na tuliishi huko mpaka alipokufa. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati majeneza yalipopita barabarani Jumamosi baada ya Jumamosi. Watu walisema baba ana chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko. Wengine walisema ni kifua kikuu. Neno ukimwi lilikuwepo redioni na kwenye kuta za zahanati, lakini sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu yeyote tuliyefahamiana naye. Tulimzika Kosele, tukahamia huko, na kabla mvua za pili hazijaisha mama naye akaanza kukohoa. Wadogo zangu wawili wakachukuliwa na ndugu zake wa Kehancha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Nikabaki kumuuguza pamoja na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye kwa Kijaluo tulimwita waya.

Waya nilimchukia kwa sababu ya uzi. Alikata uzi mwekundu kutoka kwenye masalio ya cherehani ya baba, akaufunga kwenye mkono wa kikombe cha mama, na mwingine kwenye kijiko chake, na sahani yake akaitoboa ukingoni kwa msumari ili nayo aifunge uzi. Vyombo hivyo vilioshwa mwisho, kwa maji ya peke yake. Mama aliviona siku ya kwanza akauliza, "Huu uzi ni wa nini?" Waya akajibu bila kupepesa macho, "Ni ili visipotee." Tangu hapo kila nilipompa chai niliuficha ule uzi kwa kidole gumba, kana kwamba kwa kufanya hivyo ningeufanya usiwepo.

Siku hizo kinywa cha mama kilikuwa kimejaa vidonda vyeupe, ulimi mpaka kooni. Uji uliposhuka alifumba macho. Kwa hiyo tuliposikia kwamba akina mama wa kanisa watakuja kumwombea siku ya Sabato, nilishangaa aliponiita na kusema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, maana Kikuria baba hakukijua na Kijaluo mama hakukipenda sana, "Ijumaa utaoka biskuti. Zile zangu."

"Mama, wewe huwezi kula."

"Nani amesema ni zangu kula? Ni za wageni. Nataka wale kwa mkono wangu. Mara moja tu."

Hakuniambia zaidi, na hakukuwa na haja. Miezi mitano hakuna mwanamke wa kanisa aliyekuwa ameonja hata maji nyumbani kwetu. Walikuwa wameshiba tena, wote. Mama alikuwa amerudishwa mwaka wake wa kwanza wa ndoa, na alitaka kutoka huko kwa njia ileile aliyotokea mara ya kwanza. Na mimi nilitaka hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Ijumaa nilitoroka shule saa sita. Kwetu, nyumba ya Wasabato, moto wa kupikia huzimwa jua likizama, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kuwa ndani ya kopo kabla ya magharibi. Waya alimbeba mama mgongoni kutoka chumbani mpaka jikoni, mtu mzima, kama unavyombeba mtoto aliyesinzia kanisani, akamlaza kwenye mkeka karibu na mlango. Kisha akaniambia, bila hata kupunguza sauti, "Unga uguse wewe peke yako. Asiweke mkono."

"Nimesikia," alisema mama kutoka mkekani. "Nitaweka mdomo tu."

Na kweli aliweka mdomo. Siagi kwanza, isugue na sukari mpaka mkono ukuume, halafu endelea. Mayai mawili. Maziwa lala, siyo mabichi, hayo ndiyo yanaifanya iwe laini. Unga usiukande kama chapati, unaukasirisha. Nilikatia kwa kifuniko cha kopo la kakao. Oveni yetu ilikuwa sufuria kubwa ya matanga yenye mchanga wa mto chini, sinia juu ya mawe matatu madogo, na bati lenye makaa kama kifuniko. Kazi yote ni kuzitoa zikiwa bado zinaonekana mbichi. "Ukiona rangi umeshachelewa," alisema. Za kwanza nilichelewa, zikawa ngumu, waya akala mbili akiwa amesimama na kusema ni nzuri kwa mtu mwenye meno. Za pili zilitoka kama alivyotaka, nyeupe juu, ukibonyeza kwa kidole zinarudi taratibu.

Sukari ya juu hatukuwa nayo ya dukani. Tulitwanga ile ya kawaida kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu, kilichosuguliwa kwa jivu mpaka harufu ikaisha, tukaichekecha kwa kipande cha neti. Nilipofika kwenye ndimu nikasimama. Ndimu kwenye vidonda vile!

"Nitatumia maziwa," nikasema.

"Tia ndimu."

"Itakuchoma, mama."

"Wanazijua kwa ndimu. Tia."

Nikatia. Jua lilikuwa linagusa vilima nilipopaka ya mwisho kwa mgongo wa kijiko, na waya akamwaga maji kwenye makaa.

Walikuja wanne Sabato alasiri, baada ya ibada, na leso zao nzuri. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti tamu, ambaye zamani alikuwa akinivuta pembeni kila wiki kuniuliza siri ya biskuti za mama yangu. Walikaa karibu na mlango ingawa viti vilikuwa vimepangwa karibu na kitanda. Waliimba vizuri. Waliomba kwa kirefu, kwa Kijaluo, wakimtaja mama kama mtu ambaye ameshaondoka. Kisha nikaleta sahani, na kabla sijafika katikati ya chumba waya akatangaza, "Ni huyu msichana amepika. Mama yake hajagusa kitu."

Nilitamani ardhi inimeze, au afadhali immeze yeye.

Mama alijifanya hakusikia. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, amefungwa kitambaa safi kichwani. Akanyoosha mkono nikampelekea sahani. Akachukua biskuti ya juu, akaivunja. Vipande vikaanguka kifuani. Akatia nusu kinywani akauma. Niliona ndimu ilivyomfikia. Macho yalijaa machozi, shingo ikakakamaa, lakini alitafuna, akameza, akatabasamu. Kisha akamnyooshea kiongozi wa akina mama nusu iliyobaki.

"Sabato njema, dada," akasema. "Karibu."

Yule mama akaitazama. "Ai, ero kamano, asante, dada yangu," akasema, "lakini si leo nimefunga?"

Mkono wa mama ukahamia kwa wa pili. Wa pili alikuwa amekatazwa sukari na daktari. Wa tatu alikuwa anaumwa jino. Wa nne hakutafuta hata sababu, alitikisa kichwa tu huku anatazama viatu vyake. Kiongozi akaona aokoe jahazi, akasema kwa furaha kubwa, "Tutabebea watoto nyumbani!" Wakachukua kila mmoja moja kutoka sahanini, wakafunga kwenye ncha za leso, wakamsifu Mungu kwa ajili yangu.

Ile nusu ilikuwa bado hewani. Mkono wa mama ulikuwa umeanza kushuka kwa uzito wake wenyewe. Akanigeukia mimi.

"Chukua wewe, mwanangu," akasema. "Kula."

Nikaipokea. Hapo ndipo nilipoona, mahali meno yake yalipopita, pamelowa, na kwenye ile sukari nyeupe palikuwa na alama nyekundu, nyembamba kama mstari wa kalamu ya mwalimu. Fizi zake zilikuwa zikitoka damu siku hizo, nilijua, mimi ndiye niliyemfutia. Lakini sikuwahi kuombwa niile.

Nilisema "asante, mama." Nikageuka kama mtu anayepeleka sahani jikoni, mgongo kwa kitanda, nikapeleka mkono karibu na mdomo, na njiani nikaiteremsha ndani ya mfuko wa sweta yangu ya shule. Taya nikazichezesha. Nilitafuna hewa mpaka nikavuka mlango.

Wageni walipoondoka waya alinikuta jikoni nimenuna. "Unanitazama vibaya," akasema. "Mimi ndiyo mbaya, eh? Kwa sababu ya uzi. Lakini kesho asubuhi nani atamwosha, hao waimbaji?" Nilikuwa nimeamua kwamba duniani kuna watu wanafiki, na kwamba mimi si mmoja wao.

Jioni hiyo nilipompelekea mama uji, nilivua sweta kwa sababu ya joto nikaitundika kwenye msumari chini ya dirisha, upande wa miguu ya kitanda chake. Hata sikuukumbuka mfuko. Mama alikunywa vijiko vitatu.

"Ndimu ilitosha?" akaniuliza.

"Ilitosha, mama."

"Ilikuwa laini?"

"Laini sana."

Akafumba macho, ameridhika, na mimi nikashukuru kwamba alau nimempa hilo.

Jumapili asubuhi niliteremka kisimani. Pale njia inapoacha boma letu, penye ua wa mimea ya utomvu, nikaziona zile biskuti nne. Zilikuwa zimetupwa chini ya ua, pamoja, kana kwamba wale wanawake walisimama hapo wakakubaliana. Mbili zilikuwa zimekanyagwa. Kuku walikuwa wameshafika. Nililia kwa hasira, nikaapa nitasimama kanisani mbele ya mchungaji na kumtaja kila mmoja kwa kile alichotupa. Niliacha ndoo palepale, nikarudi nyumbani mbio, nikaingia chumbani kwa mama kuchukua sweta, niende kwa yule kiongozi saa hiyohiyo.

Mama alikuwa macho. Alikuwa amelala ubavu, shavu kwenye mto, anatazama ukuta wa miguuni. Nikafuata macho yake. Sisimizi walikuwa wametoka kwenye ufa wa sakafu, mstari mmoja mweusi ulionyooka, wakapanda ukuta, wakapita pembeni ya dirisha, wakaingia kwenye mfuko wa sweta yangu. Wengine walikuwa wanashuka, kila mmoja amebeba punje nyeupe. Sijui alikuwa amewatazama kwa muda gani. Kulikuwa kumekucha zamani.

Wale wanawake walikuwa wamekataa waziwazi, mbele yake, na yeye alikuwa amewavumilia. Mimi nilikubali.

"Toa sweta yako nje," alisema mama, polepole, bila ukali wowote. "Sisimizi watakuuma ukiivaa."

Nikaitoa. Nyuma ya jiko niligeuza mfuko nikaikung'uta, ikaanguka ile nusu kwenye majivu. Sukari yote ilikuwa imeliwa, pamoja na ile alama nyekundu. Ilibaki biskuti tupu, kavu ukingoni, sisimizi kadhaa wakihangaika juu yake. Nikaiokota nikaitia mdomoni, majivu na sisimizi na yote, nikarudi ndani haraka nikiwa bado natafuna, ili anione.

Alikuwa ameshageukia ukuta wa pili.