Bega la Kushoto la Mzee

Sijawahi kufunga mkanda mara moja nikaridhika. Hata viatu vyangu hufunga, nikafungua, nikafunga tena. Labda ndiyo sababu nilipenda kazi ya upambe, ya kumfunga mpiganaji vyuma vyake.

Tuliishi mimi na mama kwenye maghorofa ya mtaa wa Jane na Finch, huku ughaibuni. Kila Jumamosi nilipanda basi na gunia la mapanga ya henzirani hadi ukumbi wa kanisa moja North York. Huko, watu wazima wenye kazi zao za heshima walivaa vyuma na kupigana kama mashujaa wa Ulaya ya kale. Wakati wa kiangazi tulifanya mashindano uwanjani, na hema, na bendera, na mfalme wetu wa kuchagua.

"Wenzako wanasomea unesi," mama alisema. "Wewe unasomea vita vya Wazungu vilivyokwisha?"

Hakuna aliyenifundisha kutengeneza deraya, vazi la kujikinga vitani. Nilijifunza kwa vitabu vya maktaba na video za mtandaoni, nikakata pipa la plastiki kwa kisu cha jikoni, na kila mshono uliopinda niliufumua. Siku ya kwanza ukumbini nilikuwa nanong'ona matusi kwa mkanda uliogoma kukaza, nikasikia sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili.

"Hata ukiutukana, binti, hautakaza."

Nikaruka. "Shikamoo!"

"Marahaba. Vua kofia ya chuma kwanza, nijue ni nani ananiamkia."

Alikuwa Mhindi wa Moshi, mfamasia mstaafu, mkazi wa Markham, mji wa jirani, na kiunoni alivaa mkanda mweupe. Mkanda huo huvaliwa na mpiganaji aliyekwisha kutawazwa shujaa. Baada ya miezi michache alinifunga mkanda mwekundu mbele ya wote, nikawa mpambe wake. Nilimbebea ngao na kumvalisha deraya, naye akanifundisha kupigana. Alinifundisha pia kuacha kuomba radhi kila nilipompiga.

Mchezo wetu una sheria moja kubwa. Hakuna refa. Aliyepigwa ndiye anayesema kama pigo limeingia, yaani kama upanga wa kweli ungemuua. Akisema limeingia, anaanguka. Asiposema, mwenzake hana haki ya kumbishia; anarudi nyuma na kuendelea. Ni neno lako tu. Asiyekubali mapigo huitwa kifaru, na sijasikia tusi baya kuliko hilo uwanjani.

Jumamosi moja nilimkaza mzee mkanda wa bega la kushoto. Alikuwa ananisimulia jinsi mkewe alivyopeleka koti lake la vita kwa fundi wa nguo za harusi. Alikuwa bado anacheka nilipoona damu ikishuka kwenye mkono wa shati. Nilikuwa nimebana ngozi yake kwenye kifungo cha chuma.

"Mzee, nimekuumiza!"

"Wapi?" akauliza, akaangalia bega la kulia.

Ndipo nilipoelewa minong'ono ya wiki zile. Mpambe mwenzangu mmoja alishanitania, "Mzee wako siku hizi ana ngozi nene, eh? Mnamlisha nyasi?" Nilikuwa nimemjibu kwa hasira.

Ndani ya gari mzee aliniambia mwenyewe. Mishipa ya fahamu shingoni ilikuwa imebanwa, na kutoka bega la kushoto kushuka hakuhisi kitu. Daktari alimkataza mchezo.

"Sasa utaacha?"

"Nipigane mashindano yajayo tu, kisha basi."

"Lakini watu wanasema..."

"Najua wanachosema." Akawasha taa ya kukata kona mapema mno, akaizima. "Maisha yangu yote sijamdanganya mtu, binti. Dawa sikupunja, pigo sikukana. Na sasa mwili wangu ndio unaonidanganya."

Nilitaka kumwambia aache. Niliipanga sentensi kichwani hadi tukafika kwetu, na kila nilivyoipanga ilikuwa na kasoro. Nikashuka, nikasema asante.

Siku ya mashindano, kwenye shamba moja kaskazini mwa jiji, nilimvalisha taratibu nikipitisha kidole chini ya kila mkanda. Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa hesabu, kijana mrefu mwenye adabu. Walizungukana. Kisha kijana akapiga, nami niliuona upanga wote ukilala juu ya bega la kushoto. Mlio wake ulisikika hadi kwenye hema.

Mzee akaendelea kupigana.

Kijana akarudi nyuma, akashusha upanga. Hakusema kitu, maana sheria haimruhusu. Mtu mmoja akakohoa. Mzee akasimama, akageuza ile kofia nzito kunitafuta.

"Binti," akaita kwa Kiswahili. "Limeingia?"

Hapakuwa na mwingine wa kutuelewa. Ningesema hapana, angeendelea, na wangemwita kifaru hadi kufa kwake. Ningesema ndiyo, angeanguka baada ya kuniita, kila mtu angejua kwamba ameuliza, na shujaa anayeulizia mwili wake kwa mtu mwingine hawezi tena kusimama uwanjani. Yeye alilijua hilo kabla ya kuniita.

"Limeingia, mzee."

"Wapi?"

"Begani. Kushoto. Limeingia vizuri kabisa."

Akaitikia kwa kichwa. Akamwambia kijana kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba lilikuwa pigo zuri na anamwomba radhi kwa kumchelewesha. Kisha akaanguka kama alivyonifundisha: goti, ubavu, ngao juu ya kifua. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Kijana alikuwa analia.

Nyuma ya hema nilimvua vyuma, kipande baada ya kipande. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, akiangalia pambano lililofuata na kulisahihisha chini kwa chini: "Inua ngao, bwana. Inua." Nilipomaliza niliuweka mkono wangu juu ya bega lake la kushoto, nikauacha hapo. Hakugeuka. Aliendelea kuangalia uwanja.