Aliyesimama Juani na Kichwa Wazi

Cheka ukipenda. Mimi nilikuwepo, adhuhuri, jua la utosi, wala sikuwa na homa.

Nauza nguo katika duka la Mhindi mmoja pale Kivinje, enzi hizi za Mwingereza. Ukutani kuna picha ya wino mweusi iliyochapwa Ulaya zamani: njia ya mji wetu wakati wa utumwa. Nami kwa kupenda kuota, nilikuwa nikiitazama kila siku. Ukizisoma nguo tu, unamjua nani ni nani. Mbele muungwana, joho, kilemba na makubazi. Nyuma yake mwanamke wa kaniki, kapu mkononi, na wapagazi wawili, wote vichwa wazi, maana mtumwa alikatazwa kujifunika. Yule mwanamke nilimwonea huruma utadhani shangazi yangu.

Basi siku hiyo tajiri wangu, yule Mhindi, kaenda kuswali, njia nyeupe, hata mbuzi hayupo. Mimi nakunja doti ya kisutu, kanga ya maharusi, niipeleke jioni kwa kina Zuhura, mchumba wangu. Nikasikia, "Shikamoo, bwana."

Mtu wa umri wa mama yangu! Aniamkie mimi, mtoto wa juzi? Nikaona haya kuitikia. Amesimama juani, hakanyagi baraza. Kajifunga kaniki kwapani. Kichwa wazi.

"Karibu ndani, mama."

"Hapa panatosha, bwana. Mwanangu anaolewa leo. Wamesema nisiingie na kichwa hiki. Nipe cha kujifunika, hata kitambara."

Ungefanya nini wewe? Nikashika mkasi, nikaikata doti yangu katikati, nikampa kanga moja. Akajitanda polepole. Ndipo nikamwamkia mimi: "Shikamoo, mama."

Akanitazama sana. "Marahaba," akasema, kama mtu anayeonja asali kwa mara ya kwanza. "Marahaba, mwanangu."

Nikainama kuweka mkasi. Nilipoinuka, hayupo, na vumbi la mbele ya duka halina unyayo.

Jioni bibi yake Zuhura aliitupa mkekani ile kanga iliyobaki.

"Moja? Unaposa nusu mwanamke? Nusu ya pili aoe nani?"

Nikaeleza, na kwamba mama yule kafanana na wa pichani dukani. Akacheka mpaka ugoro ukammwagika. "Ndoto zako mpelekee mama yako! Posa imevunjika!"

Zuhura akasema kwa nyuma ya mlango, "Bibi, tukaione picha kwanza."

Asubuhi tukaenda watatu, Zuhura kaishika kanga ile. Bibi kaingia dukani na ulimi wake, akaenda moja kwa moja kwenye picha. Niamini: yule mwanamke wa kapu alikuwa amejitanda, na pindo la kisutu likionekana wazi, kwa wino uleule mkongwe.  Bibi akaichukua kanga ile moja, akamfunika Zuhura kichwa kwa mikono yake mwenyewe.

"Ataolewa na hii," akasema, na hajanitania tena hadi leo.

Tumeoana. Kanga ile haina mwenzake, wala Zuhura hataki nyingine. Tajiri anasema picha ilikuwa hivyo tangu zamani, lakini adhuhuri siku hizi haniachi peke yangu.

Nawe, mtu mzima akikuamkia shikamoo juani, usiwe mwepesi wa kuitikia marahaba. Mwamkie wewe. Mimi nimeweka kofia mbili chini ya kaunta, maana wale wapagazi bado vichwa wazi.