Kichwa cha Hirola Kwenye Gunia

Mimi ni dereva wa ofisi ya wanyamapori huku Masalani, na niseme mapema: dereva hana kauli. Anaambiwa twende, anawasha gari. Kwetu ni milimani, kwenye majani chai na ukungu, na nilipopewa uhamisho wa kuja huku mke wangu alilia, mimi nikacheka. Sasa joto nimelizoea, maziwa ya ngamia nimeyazoea, hata salamu za Kisomali nazijibu bila kufikiri. Nisichozoea ni kesi ya yule mzee.

Mzee mwenyewe ni mfugaji, Msomali wa hapa hapa, na ng'ombe wake alikuwa akiwachunga si mbali na kituo chetu. Ukame ulipokaza, hirola mmoja jike alipotezana na wenzake, akajiunga na ng'ombe hao. Hirola ni swala wa upande wetu huu, ana mstari mweupe usoni utadhani amevaa miwani, na waliobaki duniani ni wachache mno. Wafugaji hupenda kumwona malishoni. Wanasema alipo yeye, ng'ombe hunawiri. Basi mzee alimwachia nafasi penye maji, akamfukuzia fisi, akawagombeza watoto waliomtupia mawe. Kila nikipita alinipungia fimbo, akiniita ndugu kwa lugha yao: "Walaal, ambia serikali mnyama yake iko salama!"

Siku hizo alikuja mgeni kutoka Nairobi, akafanya mkutano na wafugaji ndani ya hema. Akaeleza kwamba huko kusini, nchi nyingine, tajiri hulipa hela nyingi apige risasi dume mmoja mzee wa swala. Hela hizo huajiri askari na kujenga zahanati, na swala waliobaki hulindwa kwa kuwa sasa wana faida kwa wenyeji. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku zamani, akasema, yeye anaeleza tu. Mzee akainua fimbo.

"Huyo tajiri anakula nyama?"

"Si sana. Anachotaka ni kichwa na pembe zake. Anakitundika ukutani nyumbani kwake."

"Anaonyesha nani?"

"Wageni wake."

"Na mwenye mnyama? Yeye haonyeshwi?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Nilicheka nami, nikidhani ni utani. Haukuwa utani hata kidogo. Kwa wafugaji hawa, ukichunga mnyama wa mtu akafia mikononi mwako, humpelekei mwenyewe maneno matupu. Unampelekea ngozi, au sikio lenye alama yake, aone kwa macho yake kwamba hukumuuza wala hukumla. Ukifika nayo unaambiwa pole, mnakunywa chai, yamekwisha. Usipofika nayo, wewe ni mwizi.

Hirola akafa. Njaa tu. Mzee alimkuta amelala kando ya kichaka, tai wameshaanza kushuka, akafanya kama alivyolelewa. Alikata kichwa, akakitia kwenye gunia la unga, akatembea nacho hadi lango letu la mbele, mchana kweupe. Mimi nilikuwa naosha gari. Alinisalimu, akafungua gunia, machozi yanamlengalenga.

"Walaal, ile mnyama ya serikali imekufa. Nimeleta kichwa, mwenyewe aone."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia, adeer, mzee wangu, funga hilo gunia, rudi nyumbani, tafadhali, nakuomba. Hakunielewa. Alidhani namfukuza kabla hajapewa pole, akakasirika, akapaza sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa nje askari wa zamu. Akaziona pembe, akapiga picha, na kabla sijafungua mdomo picha ilikuwa kwenye simu za wakubwa Nairobi. Wakajibu papo hapo: kazi nzuri, hongera.

Bosi wangu si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Lakini picha ilikuwa imeshafika juu, angefanya nini? Akamweleza mzee kwamba kichwa, pembe na ngozi ya mnyamapori kisheria ni nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa, tena kosa kubwa kwa mnyama adimu kama huyu.

"Umepatikana na nyara, mzee wangu."

"Sikupatikana," mzee akasema. "Mimi nimekuja."

Bosi alimtazama, akatazama simu yake, akaniambia niwashe gari.

Nilimpeleka Garissa mimi mwenyewe, pingu mikononi, gunia kati ya miguu ya askari. Barabara ile unaijua kama umewahi kuipita, mashimo na vumbi tupu. Mzee hakunilaumu. Aliuliza nani atawanywesha ng'ombe, maana mke wake yuko peke yake. Kisha akauliza, "Mimi sasa ndiyo ule tajiri? Nitatundika wapi kichwa, kibanda yangu haina ukuta!" Akacheka peke yake. Tulipokaribia mjini akaniambia polepole, "Dereva, wewe uliona. Sema."

Nilisema, jamani. Nilimkamata mwendesha mashtaka kwenye ukumbi wa mahakama nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema sheria haiulizi aliingia kwa lango gani, inauliza alikuwa na nyara au hakuwa nayo. Kesi ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Mzee yuko rumande mpaka leo, na kila nikitumwa Garissa nampelekea tende. Ananiuliza habari za ng'ombe. Nusu yao wamekufa, na mimi namwambia wanaendelea. Niseme nini?

Juzi tulikuwa doria na bosi, tukapita kwa mke wa yule mzee. Tai walikuwa wakizunguka juu ya vichaka nyuma ya boma. Bosi akamuuliza kama ameona hirola, mzima au mfu.

"Hapana," yule mama akasema. "Sisi hatuoni kitu."

Nilikwenda kugeuza gari nyuma ya boma. Palikuwa na lundo la matawi ya miiba yaliyochomwa, bado linafuka moshi, na katikati ya majivu ncha ya pembe imejitokeza, nyeusi, ya hirola si ya ng'ombe. Mama alikuwa amenifuata. Alinikazia macho.

Nikarudi kwa bosi. Alikuwa kwenye redio, anaripoti kwamba upande wetu hakuna hirola aliyekufa. Wakamjibu: kazi nzuri, hongera. Akaingia garini, akafunga mlango, akasema twende, nikawasha gari.