Mok Sau-ning na Viti vya Safu ya Mbele

"Siku nikifungiwa kumbi zote za mji huu, nitawaimbia wafu, na hata wao watainuka kudai wimbo wa pili!"

Mok Sau-ning aliyatamka hayo jukwaani, katika ukumbi mkubwa wa Hung Hom, mbele ya watu elfu kumi, akiwa ndani ya gauni la manyoya ambalo bata wengi walilipia kwa roho zao. Ukumbi ulipiga kelele paa likataka kung'oka. Hakuna aliyedhani ni ahadi. Msanii akishalowa jasho husema mengi, kesho yake akanywa maji ya uvuguvugu na kusahau. Shida ni kwamba kuna watu kazi yao ni kutosahau.

Alizaliwa mtaa wa viwanda wa Kwun Tong, katika chumba ambacho mtu akitaka kujigeuza kitandani ilibidi awaarifu wenzake. Mama yake alishona vifungo vya mashati kiwandani. Baba yake alikuwa na bucha sokoni, tena kibanda cha mwisho kabisa, ubavuni mwa choo, mahali ambapo mteja hafiki mpaka avutwe kwa sauti. Ndiyo shule ya muziki aliyosoma Sau-ning. Akiwa na miaka tisa alisimama juu ya kreti akiita, "Mbavu! Mbavu laini!" mpaka wauza samaki wa ng'ambo ya pili wakaja kumwomba baba yake amrudishe mtoto nyumbani, wao hawasikii hata bei zao wenyewe.

Akiwa na miaka kumi na saba alishinda shindano la kuimba kwenye jengo la maduka. Zawadi ilikuwa chungu cha umeme cha kupikia wali na mkataba wa kurekodi. Chungu kinapika mpaka leo. Wimbo wake wa tatu, "Nguo Hazikauki", ulihusu mwanamke anayengoja nguo zikauke katika unyevu wa machipuo na mwanamume anayengojwa apige simu. Mwaka ule hukuweza kukatwa nywele bila kuusikia. Wanaume wenye vitambi waliulilia kwenye vyumba vya karaoke, na wake zao wakabaki kujiuliza ni simu gani hiyo inayoliliwa.

Halafu ikaja habari ya nyumba. Jengo la mtaa wa To Kwa Wan alimokuwa akiishi mama yake, vyumba vimegawanywa kwa mbao na kugawanywa tena mpaka jiko likawa juu ya choo, liliuzwa, na wapangaji wakapewa siku kumi na nne wahame. Sau-ning alikuja na spika moja, akapanda juu ya mkokoteni wa bibi mmoja aokotaye makaratasi, akaimba. Alikuja kwa ajili ya mama yake. Lakini jengo la jirani nalo likaomba, na la jirani ya jirani, na kufika mwisho wa mwaka hakuna maandamano mjini yaliyotoka bila yeye kuwa mbele, sauti imemkauka, kiatu kimoja kimepotea. Alihojiwa siku mbili kituo cha polisi, akaachiwa bila mashtaka. Tangazo lake la shampuu likabaki ukutani kama lilivyokuwa, nywele zilezile, ila uso wakaweka wa mtu mwingine.

Baada ya hapo mabomba ya mji yakaanza kupasuka. Akikodi ukumbi, wiki moja kabla ya onyesho anapigiwa simu: samahani sana Bibi Mok, bomba limepasuka. Kumbi kumi na moja, mabomba kumi na moja. Ukumbi mmoja haukuwa hata na maji, ukasema ni umeme. Ikawa miaka sita hajaimba mbele ya watu. Alipata riziki kwa kuwafundisha akina mama wastaafu namna ya kuvuta pumzi, na kila asubuhi alikunywa chai kwa Mama Ngan, mgahawa wa kona, meza ya karibu na feni.

Kilichomuuma kuliko mabomba yote ni ile chai. Tangu kumbi zianze kumkataa, Mama Ngan alikuwa hapokei senti yake.

"Ngan, chukua pesa," alimwambia kila siku.

"Weka, weka. Utanilipa ukiimba."

"Chai ya bure hupewa mgonjwa. Mimi naumwa?"

"Nani kasema unaumwa? Kunywa, inapoa."

Sau-ning alikunywa, lakini sisi wateja wa meza za jirani tuliona jinsi anavyokishika kikombe, kama mtu aliyepewa rambirambi yake mwenyewe. Miaka sita ya kupewa pole kwa kikombe, tena na mtu ambaye wengine tukipungukiwa senti hamsini anatufuata mpaka kwenye taa za barabarani.

Basi mwezi wa saba wa kalenda ya kale, mwezi wa kuwalisha wafu, banda la mianzi likasimamishwa uwanjani kama kila mwaka, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mjomba Kau muuza mchele. Opera ilikodiwa kwa siku tatu. Siku mbili zikapita salama. Asubuhi ya tatu kikundi kikapiga simu: nyota wao kapata mkanda wa jeshi, malengelenge mpaka shingoni, hata kofia haivaliki. Mjomba Kau aliingia kwa Mama Ngan uso umemshuka, akajiegemeza kwenye meza ya feni.

"Dada Ning, bado unaimba?"

"Mjomba, unajua habari zangu. Utaletewa watu."

"Wa ofisini? Wale watakuja siku moja, wakajaza fomu, wakaondoka. Wafu nawaalika siku tatu, siku ya mwisho nikiwaacha wakae bure bila burudani, nitalala nao mwaka mzima. Wewe unadhani namwogopa nani zaidi?"

"Mimi siimbi opera."

"Nao hawatoki mbali kwa ajili ya opera, mwanangu. Wengi wamekufa miaka ya tisini. Watakuwa wanakujua."

Mama Ngan alikuwa anafuta meza ileile kwa mara ya tatu. Sau-ning hakusema ndiyo. Aliuliza tu onyesho linaanza saa ngapi.

Saa moja unusu jioni, giza limeshaingia, joto bado kali, moshi wa ubani umejaa uwanjani mpaka macho yanatoka machozi ya bure. Safu ya mbele, viti ishirini vya plastiki vyekundu, ilikuwa tupu, maana hiyo ni ya wenyewe, wafu walioalikwa. Nyuma yake walisimama watu kama mia nne. Sau-ning alichungulia kupitia pazia, lakini taa za jukwaani zilimpiga usoni, akaona kile tu ambacho taa zinaruhusu: safu ya mbele. Viti ishirini, hakuna mtu. Alijua kwa nini ni vitupu, amekulia mji huu. Lakini kujua ni kichwani, na macho huamini yanachokiona. Alivihesabu tena.

Na hapo ndipo mkaguzi wa vibali alipoingia. Kijana mwembamba, shati limemganda mgongoni, ubao wa kuandikia mkononi.

"Nani mwenyekiti? Kuna taarifa ya onyesho la muziki. Kibali?"

Mjomba Kau akamkabidhi kibali cha sherehe. "Soma mwenyewe. Sadaka na burudani kwa marehemu, siku tatu."

"Hiki ni cha opera ya kidini. Mle ndani yumo Mok Sau-ning."

"Ndiyo. Kaja kuwaburudisha marehemu."

"Mjomba, usinitanie. Watazamaji ni hawa hapa!" Akaonyesha umati.

"Hao? Hao wanapita."

Bibi mmoja aliyeketi kwenye kigoda chake, chupa ya chai miguuni na mfuko wa karanga mapajani, akaitikia, "Mimi napita tu, mwanangu."

"Unapita wapi, bibi, umekaa?"

"Napita polepole."

Watu wakacheka, kijana akaiva masikio. Nyuma ya pazia Sau-ning alisikia kila neno. Alishaanza kufungua hereni, mtu aliyezoea mabomba. Mkaguzi alikuwa amechoka, amesimama tangu asubuhi. Akavuta fomu, akatafuta pa kuandikia, akarudi nyuma hatua mbili na kujibwaga kwenye kiti chekundu cha safu ya mbele, cha nne kutoka kulia.

Uwanja mzima ulipiga ukelele.

"Inuka! Umemkalia mtu!"

Aliruka kama aliyekalia mkaa. Ubao ukaenda huku, kalamu kule. Kabla hajafikiri alikwisha kukigeukia kile kiti, viganja amevikutanisha, akaanza kuinama: "Samahani, samahani sana, sikukuona, samahani." Mara tatu.

Mjomba Kau akaiokota kalamu, akampa kwa adabu zote.

"Bwana mkaguzi, ulikuwa unamwomba msamaha nani?"

Kijana akakitazama kiti. Akautazama umati uliokuwa unapita. Naye mama yake alimlea kuwaheshimu wafu, kama mama wa yeyote kati yetu hapa mjini, na hakuna fomu inayoweza kumfutia mtu samahani tatu alizozitoa mbele ya watu mia nne. Akaandika muda mrefu. Aliyekuwa karibu alisoma: Aina ya tukio: ibada. Watazamaji waliolengwa: hawaonekani. Akatia saini, akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na muuza maji ya miwa. Naye alikuwa anapita.

Pazia likafunguka. Sau-ning alisimama na hereni moja. Aliimba "Nguo Hazikauki" akivitazama viti vile ishirini, sauti imeongezeka kokoto kuliko zamani, na ni nzuri zaidi. Alipofika kiitikio, kutoka gizani nyuma ya taa mia nne wakakipokea, maneno yote, hata yale ambayo redio ilikuwa inayakata. Hapo akaacha kuvitazama viti. Alicheka katikati ya mstari, akapitwa na muziki, akaudaka mbele ya safari.

Wimbo ulipoisha, sauti moja ikapasua nyuma, sauti ambayo kwa miaka ishirini sisi tulijua inaita oda za mikate na mayai tu.

"Wafu wanadai wimbo wa pili!"

Alikuwa Mama Ngan. Sau-ning akawaimbia wa pili, na wa tisa.

Asubuhi yake mvua ilinyesha, uwanjani wanafungua mianzi. Sau-ning aliingia mgahawani sauti imekwisha kabisa, akakaa meza ya feni, akaonyesha kwa kidole: chai ya maziwa, ya barafu. Akainywa taratibu mpaka barafu ikalia kwenye bilauri. Aliposimama kuondoka, Mama Ngan hakuinua hata kichwa. Alichana karatasi kwenye kijitabu cha bili, akaibandika mezani mbele yake, ikalowa ukingoni.

Chai ya maziwa, dola ishirini. Barafu, nyongeza dola tatu. Jumla dola ishirini na tatu.